Tuta Lililonyolewa

Dada yangu anaongea na mimea. Nasema mapema, msije mkaambiwa na majirani mkadhani nilificha. Asubuhi akifika kazini, kabla hajanywa hata chai, anapita katikati ya matuta anauliza, "Mmeamkaje, wanangu?" na akitoka hapo uso umekunjuka kabisa. Mimi mdogo wake wa kufuatana, niliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima, ananisalimia kwa kichwa tu. Nilinuna mpaka nikachoka kununa.

Ni mtunza bustani wa karakana ya dawa za mitishamba iliyo nyuma ya mtaa wetu. Hapo wanatengeneza marhamu ya vidonda, ile ya kopo la bati lenye mfuniko wa kijani. Mimi ni fundi cherehani, na dirisha la chumba changu cha kazi linatazama moja kwa moja ukuta wa bustani hiyo. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu, mengine nikiwa nimepanda juu ya kiti.

Marhamu hiyo hutokana na kitunguu dawa. Si kitunguu cha kukaanga, tafadhali, ukikitafuna utajuta. Kina ganda la kahawia na tabaka juu ya tabaka ndani, majani yake ni marefu na bapa, na utomvu wake unawasha mikono. Zamani watu walikwenda kukichimba vilimani na kukileta kwa magunia. Sasa, ukichimba kitunguu umeshaondoa mmea mzima, hakibaki kitu cha kuota. Walichimba, wakachimba, mpaka magunia yakaanza kuja nusu, halafu wachimbaji wenyewe wakaacha kuja. Vilivyobaki ni vya dada, alivyovilea kwa mbegu nyuma ya karakana, tuta baada ya tuta, akivitandazia nyasi jua likiwa kali na kuvitengenezea mifereji mvua zikizidi.

Mwenye karakana tunamwita Bwana Haraka. Si mtu mbaya, haki ya Mungu, ila kusubiri hakujui. Chai anainywa ingali inaunguza, na salamu yako anaijibu akiwa ameshakupita. Siku hiyo alikuja bustanini karibu anakimbia, akasimama kichwani mwa tuta la kwanza, mikono kiunoni.

"Mama Bustani," akasema, "mvua zikiisha tunachimba vyote."

Dada alikuwa amechuchumaa anang'oa magugu. Hakuinuka. "Vyote vipi, bosi?"

"Vyote. Stoo haina kitu. Watu wanaulizia marhamu, na wafanyakazi wangu wanakaa wanatazamana. Nifanyeje, nifunge karakana huku nimekalia dawa?"

"Ukivichimba hivi, bosi, ndiyo mwisho. Hakuna vingine popote."

"Basi nionyeshe njia nyingine."

Hapo dada akainuka. Nilimwona kutoka dirishani, magoti yote udongo. "Tukate majani," akasema. "Kitunguu kibaki ardhini, tuchukue majani."

Bwana Haraka akacheka. Nami sitamficha mtu, nilitaka kumrushia mkasi. Lakini Mfamasia hakucheka. Huyu ni binti mpole mwenye miwani, ndiye anayepima dawa zote pale karakana, na alikuwa ametoka kumfuata bosi wake. Akasema dawa imo kwenye majani pia, ila yeye hajui ni kiasi gani. Wala hajui kitunguu kinaathirika vipi ukikikata majani mara kwa mara. "Nipeni msimu mmoja," akaomba. "Mama akate, mimi nipime."

Bwana Haraka alitazama saa yake kana kwamba msimu unaisha mchana ule. "Msimu huu tu," akasema. "Majani yakishindwa, majembe." Akaondoka.

Ndivyo ilivyoanza. Kwa sheria vitunguu vilikuwa vyake, vimo ndani ya ua wake. Kwa jasho vilikuwa vya dada, na usiniulize mimi naegemea wapi.

Tuta moja dada aliliacha bila kuligusa, liwe la kulinganishia. Matuta mengine alikata kwa adabu kubwa: jani la pembeni, lililokomaa, moja hapa moja pale. Yale machanga ya katikati, yanayochungulia tu, hakuna aliyeruhusiwa hata kuyasogelea. Nilimuuliza kwa nini anayabembeleza hivyo, akanijibu kwa subira ambayo huwa hanipi hata siku za sikukuu.

"Mdogo wangu, jani ndilo jiko lake. Linapokea jua, linapika. Kinachobaki kinashushwa chini, kitunguu ndiyo ghala. Ukilichukua jiko moja, mengine yatapika. Ukiyachukua yote, atakula nini? Si atakula akiba yake?"

"Sasa wewe unajuaje anakula akiba?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana tunajaribu."

Basi mambo yalikwenda vizuri mpaka dada alipoteguka mguu. Aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, zikiwa zimelowa, na kifundo kikavimba kama mandazi. Siku hiyo hiyo Mfamasia alikuwa anasubiri majani ya tuta la ukutani. Dada amelala kitandani anahangaika, anataka kwenda kwa kuruka mguu mmoja, ndipo mumewe akasema, "Tulia, mama watoto. Nitakwenda mimi. Kukata ni kazi yangu."

Shemeji yangu ni kinyozi.

Ni kinyozi hodari, mtaa mzima unamjua, ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Dada akamweleza kwa kituo: ya pembeni tu, moja moja, machanga usiguse. Akaelewa. Naapa alielewa, kwa sababu nilimsikia anarudia neno kwa neno wakati anapita chini ya dirisha langu, makasi yake ya kazini yakiwa kwenye mfuko wa koti. Na mimea ya mwanzo aliikata sawasawa kabisa. Nikarudi kwenye cherehani yangu roho baridi.

Nilipochungulia tena, amerudi mwanzo wa tuta. Ameinama, jicho moja amelifumba, anapima.

"Shemeji, mbona unarudia?" nikampigia kelele.

"Upande huu umezidi kidogo, shemeji. Unaona? Haukai sawa."

"Hautakiwi kukaa sawa!"

"Aa, kidogo tu." Chwi, chwi. Akasogea nyuma, akatazama. "Sasa upande ule ndio umekuwa mrefu."

"Shemeji, acha! Hicho ni kitunguu, si kichwa cha mtu!"

"Kazi ni kazi," akanijibu, na mikono haikusimama. "Siwezi kuiacha hivi, watu watasema nini?"

Nilishuka ngazi mbio, sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani, nikazunguka mpaka getini, nikagombana na mlinzi aliyeniuliza naenda wapi. Kufika pale, yamekwisha. Kila kinyozi anajua balaa hilo: unasawazisha kulia, unasawazisha kushoto, mwisho mteja anaondoka na upara. Tuta lote la ukutani lilikuwa upara. Machanga, makavu, ya pembeni, ya katikati, yote chini, na vishina vimekatwa usawa mmoja, vimepangika kama kwa rula. Shemeji alikuwa anapangusa udongo kwa brashi yake ya shingoni.

"Umependeza," akaliambia tuta, kisha akauona uso wangu. Akalitazama tuta tena, polepole. Brashi ikamwanguka. "Mama yangu," akasema. "Nimefanya nini?"

Nisiwachoshe na yaliyofuata nyumbani. Dada alikwenda mwenyewe kuona, akichechemea, ameniegemea bega. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefurahi. Alikaa kwenye ukingo wa tuta akapitisha kiganja juu ya vishina vile, na shemeji nyuma yake anasema, "Yataota, mke wangu. Nywele huota."

"Yataota kwa kula nini?" dada akauliza, na hakumsemesha tena. Siku nyingi nilikuwa mimi ndiye posta. "Mwambie shemeji yako chakula kiko mezani." "Mwambie dada yako nimeshiba." Na wote wawili wamekaa meza moja! Nilipeleka na kurudisha, na mahali pengine nikaongeza chumvi yangu, siwezi kusema uongo.

Dada alitaka kulifukua tuta lile na kuvihamisha vitunguu kwenye udongo mpya. Mfamasia ndiye aliyemzuia. "Mama, mimi nisingethubutu kukuomba ukate hivi," akasema. "Lakini imeshatokea. Liache hapo hapo. Maji yale yale, kivuli kile kile. Nitalipima pamoja na mengine." Dada akakubali kwa shingo upande.

Na majani yakaota! Jamani, yaliota upesi kuliko tulivyodhani, membamba, ya kijani kilichoiva mno. Shemeji akafufuka. Kila akipita anasimama ukutani, "Si nilisema? Si nilisema?" Yakakatwa tena, maana Mfamasia alitaka tuta hilo liendelee vile vile lilivyoanza, nayo yakaota tena, membamba zaidi. Dada alikuwa anayapima unene kwa vidole. Nikajua kuna kitu hakipendi, na alipofungua mdomo kumsemesha mumewe moja kwa moja, alisema tu, "Usishangilie bado."

Mvua zikaisha.

Asubuhi ya majibu sikuwa na shughuli yoyote pale karakana. Ila nilikuwa nimeshona makoti meupe ya wafanyakazi, na nikaona siku hiyo ndiyo nzuri ya kuyapeleka. Nikayabeba mikononi yote, hakuna aliyeweza kuniambia nitoke. Chumba cha Mfamasia ni kidogo, kina dirisha moja na harufu ya spiriti inayopanda mpaka kichwani. Tulikuwa watu watano tumebanana: Bwana Haraka mbele, dada, shemeji aliyefunga duka lake kwa makusudi, Mfamasia na mimi na makoti yangu. Nje, majembe mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani. Bwana Haraka alikuwa ameshayatoa stoo, mtu wa watu, asipoteze muda.

Mezani palikuwa na sahani ndogo za kioo. Mfamasia akatueleza: ndani ya kila sahani amepanda vijidudu vya kwenye vidonda, vimetanda kama ukungu juu ya uji. Katikati ameweka tone la dawa. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu vinakufa kulizunguka tone, panabaki duara safi. Duara likiwa pana, dawa ni kali.

"Hii ni ya kitunguu chenyewe, tone la kichupa nilichokiweka tangu enzi za magunia," akasema, akainua ya kwanza. Duara pana, zuri.

"Hii ni ya majani ya pembeni." Duara lilikuwepo! Dogo kuliko la kwanza, lakini lipo, jeupe, linaonekana hata na mimi niliyesimama nyuma. "Inatosha," Mfamasia akasema. "Tukiongeza majani kwenye kila chungu, marhamu itafanya kazi ile ile. Nimeijaribu zaidi ya mara moja."

Nilipiga kigelegele. Makoti yalianguka chini. Dada alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, na Bwana Haraka akawa anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema, "Kumbe! Kumbe!"

"Na hii," Mfamasia akaendelea, "ni ya tuta la ukutani."

Akaiinua. Duara lilikuwa karibu sawa na la kitunguu.

"Mmea ukiumizwa sana hujihami," akaeleza. "Majani mapya yametoka yamejaa uchungu, na uchungu huo ndio dawa."

Shemeji akaruka kama amekanyaga moto. "Mimi! Ni mimi! Mke wangu, ni makasi yangu haya!" Akamkumbatia Bwana Haraka, na Bwana Haraka akakumbatika. Hata mimi nilimsamehe palepale. Lakini bosi alikuwa ameshafika mbali kuliko sisi sote. Macho yalimwaka.

"Basi nyoeni yote," akasema. "Matuta yote! Leo! Kila yakiota tunanyoa. Majembe sitaki tena, leteni makasi."

Ile furaha ilinitoka kifuani nikaisikia inavyotoka. Dada hakuwa amecheka tangu sahani ya tatu iinuliwe. "Bosi," akasema, "hapana."

"Hapana nini? Si wewe uliyetaka majani?"

"Si namna hiyo. Chini hatujui kukoje."

"Juu kunaota, mama! Mara ngapi kumeota?"

Mfamasia akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bosi, ni kweli, nimepima juu tu. Kabla hujaamua, tuone chini. Mama atung'olee kitunguu kimoja cha kila aina. Kimoja tu."

Sikuwahi kumwona dada amepauka vile. Yeye, katika maisha yake yote ya bustanini, hajawahi kung'oa kitunguu dawa hata kimoja. Na mimi nikaelewa kilichomtia hofu, maana nami kilinishika: je, vile vya majani ya pembeni navyo vikitoka vimesinyaa? Basi kukata kwake kote kwa adabu kungekuwa kuua polepole, na majembe yangekuwa na haki. Na je, vilivyonyolewa vikitoka vizima? Basi makasi yangekuwa na haki. Kati ya njia zote hizo, ilibaki moja tu ya kuviokoa, vya majani ya pembeni vitoke vizima na vilivyonyolewa vimesinyaa, na jibu lilikuwa chini ya udongo, halionekani.

Tukatoka nje. Dada alikataa jembe. Akapiga magoti akachimba kwa mikono tuta la kwanza, lile lisiloguswa, akatoa kitunguu kilichojaa kiganja, kinang'aa. Akakilaza juu ya nyasi. Akahamia kwenye tuta la majani ya pembeni. Alichimba taratibu mno, Bwana Haraka anahema kwa hasira nyuma yake, na mimi nauma kidole. Akakitoa. Akakipangusa kwa upindo wa gauni. Akakiweka kando ya kile cha kwanza.

Lo! Pacha! Uzito wa viwili hivyo Mfamasia aliupima kwa mikono, kulia na kushoto, akacheka. "Tofauti yake ni ndogo mno," akasema. Nilipiga kigelegele cha pili, mlinzi wa getini akaja mbio.

Kisha dada akaenda ukutani. Hapo hakuhitaji kuchimba sana. Alishika majani yale membamba, akavuta kidogo, na kitu kikatoka bila ubishi. Kilikuwa kidogo kama punje ya kitunguu saumu, laini, ganda limelegea, ndani tabaka mbili tatu zilizobaki zinacheza. Shemeji aligeuza uso ukutani.

Dada alikiweka kwenye kiganja cha Bwana Haraka. "Hayo majani makali uliyoyaona," akasema, "yamejilisha kwa hiki. Ukinyoa tena, mara moja au mbili, hakipo."

Bwana Haraka alikibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea. Alikitazama kile kidogo, akavitazama vile viwili vilivyolala kwenye nyasi.

"Hiki kikubwa," akauliza, "kinachukua muda gani kukua?"

"Mbegu yake niliipanda nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu," dada akasema. "Sasa kitindamimba ana ndevu."

Bwana Haraka, mtu ambaye sijawahi kumwona amesimama mahali pamoja mpaka jasho likamkauka, alisimama. Halafu akamwambia mlinzi, kwa sauti ya chini, arudishe majembe stoo. Akamgeukia Mfamasia: marhamu iwe ya majani ya pembeni, na chungu kiongezwe majani kama alivyosema. Mfamasia akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, machozi yanamtoka chini ya miwani.

Shemeji alikwenda akasimama mbele ya mkewe. "Mama watoto," akasema, na akakwama hapo hapo, yeye mwenye maneno ya kuuza. Dada akampangusa udongo uliokuwa shavuni mwake, ingawa ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa michafu, akazidi kumpaka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kile kidogo kilikuwa bado kiganjani mwa bosi. Dada akanyoosha mkono akitaka, lakini Bwana Haraka hakumpa. Alipiga magoti mwenyewe, suruali yake ya pasi kwenye tope, akakirudisha kwenye shimo lake.

"Kitapona?" akauliza.

"Kikiachwa," dada akasema.

Akakifukia kwa mikono miwili, taratibu, akiuliza kila baada ya kiganja kimoja cha udongo kama inatosha.